Insha-Allah Isiwe Njia ya Kumwambia Mtoto Hapana



Kwa miezi kadhaa mwanetu wa miaka tisa alikuwa na swali moja kila Alhamisi usiku, tunaporejea nyumbani baada ya swala ya Isha: "Baba, Jumapili tutakwenda baharini?" Nasi tulikuwa na jibu moja: "Insha-Allah, mwanangu." Jumapili ilipofika palikuwa na kikao cha kamati ya msikiti, au maziko, au fundi wa paa amekuja kudai fedha zake, na safari ikasogezwa mbele. Kisha swali likakoma. Hatukulitambua hilo mpaka siku tuliposikia dada yake wa miaka sita akimwuliza kama wiki ile wangekwenda. Kaka akamjibu kwa upole: "Baba akisema insha-Allah, maana yake hatuendi."

Ndugu wazazi, hatukuwa na la kujitetea. Tamko ambalo Mwenyezi Mungu amewafundisha waja Wake ili wakumbuke kuwa hakuna liwalo ila kwa kutaka Kwake, sisi tulikuwa tumelifanya pazia la kufichia uzembe wetu. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimsikia mama akimwita mtoto wake aje apewe kitu, akamwuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu kuwa ni tende, naye akamjulisha kuwa lau asingempa chochote angeandikiwa uongo. Hadithi hii tumeisoma chuoni na tumeisomesha madrasa. Nyumbani kwetu tulikuwa hatujaipima.

Tunajua udhuru unaotangulia katika vinywa vya wazazi wengi wa Dar es Salaam: kutoka na watoto ni gharama. Ni kweli kwamba zipo sehemu za ufukweni ambazo kiingilio chake peke yake humaliza fedha ya mboga ya siku kadhaa, na ukishaingia unakuta muziki na mavazi ambayo hukuyakusudia watoto wako. Lakini bahari yenyewe haina kiingilio, na kalenda yake tunayo ukutani. Ni kalenda ya Hijria.

Wavuvi wetu wanalijua jambo hili tangu enzi za mababu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo, kwenye tarehe nane na tarehe ishirini na mbili hivi, huwa ni maji mafu, nayo hayajai sana wala hayapwi sana. Hapa Dar es Salaam, katika siku za bamvua, maji hufikia kupwa kwake baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo mzazi anayetaka kuwaonyesha wanawe bahari ikiwa wazi aangalie tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Hijria, kisha amwulize mvuvi yeyote ili ahakikishe saa.

Tulifanya hivyo. Tulitoka asubuhi baada ya kunywa chai, tukapanda daladala hadi ufuko wa Coco, Oysterbay. Wakati huo ufuko haujajaa watu. Maji yalikuwa yakirudi nyuma na kuacha miamba na vidimbwi, na ndani ya vidimbwi hivyo watoto waliona kaa wakikimbia ubavu, kiti cha pweza akiwa amejibana mwambani, na konokono wa baharini wa kila namna. Kijana wetu aliuliza maji yamekwenda wapi. Tulimweleza kuwa mwezi na jua huvuta maji ya bahari, na kwamba vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia mvuto huongezeka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe mwezi tunaoutafuta Ramadhani ndio unaovuta bahari." Somo hilo tusingeweza kumpa ubaoni.

Yapo mambo ya kuzingatia. Watoto wavae viatu vya kufunga, kwa kuwa miamba hukata na baadhi ya viumbe huchoma. Wanyama watazamwe na kuachwa pale walipo. Maji yakianza kurejea, nanyi rejeeni nchi kavu bila kungoja, kwa sababu huja upesi kuliko mtoto anavyodhani. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwaangalia watoto tu, na simu yake ikae mfukoni. Kwa mpango huu mtamaliza mapema, mle mihogo ya kuchoma, na Adhuhuri iwakute karibu na msikiti.

Kuna jingine linalotuhusu akina baba. Mara nyingi tunasema tumeitoa familia, kumbe mama amekesha akipika, amebeba vyungu, na ufukweni amekaa akilinda mikoba. Huko ni kumhamishia jiko mchangani. Siku ile tulibeba mikate na machungwa, vikatosha, na mama watoto alivua viatu akatembea majini na binti yake.

Kama bahari si ya wiki hii, jiji lina mengine. Pandeni pantoni kutoka Magogoni hadi Kigamboni na kurudi. Safari ni fupi, lakini mtoto ataona meli kubwa zikiingia kwenye lango jembamba la bandari. Kabla ya kuvuka, piteni soko la samaki la Feri muone mnada, na mtoto ajifunze majina ya changu, kolekole na jodari. Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Hapo mtoto hushuhudia kuwa waja walisujudu katika pwani hii karne nyingi kabla ya babu yake kuzaliwa. Siku za masika nendeni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, muone vitu vya kale vya Kilwa. Na katika Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu.

Hata hivyo, tusijidanganye kuwa mahali ndipo penye uzito. Mwanetu hakuwa akiomba kaa wala pantoni. Alikuwa akiomba asubuhi moja ambayo kamati, paa na fundi havitamtangulia. Kazi ya msikiti ni ibada, lakini watoto hawa nao ni amana, na tutaulizwa kuhusu yote mawili.

Tulipokuwa tukirudi, kijana aliuliza kwa tahadhari: "Mwezi ujao, tarehe kumi na tano, tutakuja tena?" Tulijibu, "Insha-Allah," kisha tukatoa daftari lile lile tunaloandikia tarehe za vikao vya kamati, tukaiandika tarehe hiyo mbele yake. Aliisoma mara mbili. Hakusema kitu, lakini Alhamisi iliyofuata, baada ya Isha, alianza tena kuuliza maswali.

Wabillahi tawfiq.