Kamera ya Kwanza Isiwe ya Deni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nitoe shauri langu juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi, nalo ni ununuzi wa kamera ya kwanza kwa yule atakaye kupiga picha za kulipwa. Mimi ni mmoja wa waliosoma hapa zamani, na kazi hii ndiyo inayonilisha mimi na watoto wangu mjini Kampala.

Likizo iliyopita alinijia kijana wa kidato cha sita wa shule hii. Alikuwa na shilingi 1,400,000, alizozipata kwa kufyatua matofali na kulima nyanya pamoja na kaka yake. Alitaka akope kiasi kama hicho tena, anunue kamera mpya ndani ya boksi lake. Alikuwa amekwisha kuwauliza wakubwa wawili waliosoma hapa, nao wakamwunga mkono wakisema, "Rahisi ni ghali. Nunua kitu kipya, uanze kazi kwa heshima." Najua walisema kwa nia njema. Walakini mimi nawapinga, maana shauri hilo hilo nililifuata mwenyewe mwaka 2016, na mpaka leo najuta.

Nilikopa shilingi 2,800,000 nikanunua kamera mpya yenye lenzi yake ndogo ya 18-55 inayouzwa pamoja nayo. Fedha zote zikaishia hapo. Sikuwa na flashi, wala lenzi nyingine, wala betri ya pili. Lakini nilikuwa na kamera inayong'aa shingoni, nikajiona fundi.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu. Siku ile mvua ilinyesha, ibada ikachelewa, na kanisa lilikuwa na madirisha madogo. Baba wa bibi harusi, mzee aliyekuwa akitembea kwa mkongojo, aliuacha mkongojo mlangoni akamshika binti yake mkono, wakaenda pamoja mpaka mbele. Kanisa zima lilinyamaza. Mimi nilikuwa nikipiga picha upesi upesi, nikidhani nafanya kazi. Usiku nilipozitazama, zote za pale kanisani zilikuwa za giza, na sura za watu zimevutika kama moshi.

Miaka miwili baadaye yule mzee alifariki dunia. Binti yake akaja kwangu kuomba ile picha ya baba yake akimshika mkono, wapate kuiweka mbele ya watu siku ya mazishi. Tulitafuta pamoja katika picha zote, tusipate hata moja ambayo uso wa mzee unaonekana vizuri. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, kaka, si kitu," akaenda zake. Deni la kamera nilikuwa nimekwisha kulilipa, lakini deni la picha ile silipi kamwe.

Basi kilichonikosesha picha ile ni nini? Kamera haikuwa mbovu. Kosa langu ni kuweka fedha zote katika kamera na kuisahau lenzi. Kila lenzi ina tundu la kuingizia mwanga, nalo huandikwa kwa namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yangu ya 18-55, nilipoivuta mpaka mwisho ili nimwone mzee karibu, haikuweza kufungua kupita namba 5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye namba 1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Maana yake ni hii: mahali ambapo kamera yangu ilihitaji sehemu ya 15 ya sekunde kupata mwanga wa kutosha, lenzi ile ingeridhika na sehemu ya 150 ya sekunde. Katika sehemu ya 15 ya sekunde, mtu anayetembea amekwisha kusogea, na picha imeharibika. Na lenzi hiyo ya 50, iwe ya Canon au ya Nikon, ni miongoni mwa lenzi za bei ndogo kabisa wanazotengeneza. Ningalinunua kamera ya mkono wa pili na lenzi ile, ningalitumia fedha pungufu, na mzee yule angalionekana.

Wengine watasema kwamba kamera hizi za DSLR, zenye kioo ndani kinachoinuka kila upigapo picha, zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018, Canon ilipotoa EOS R na Nikon ikatoa Z 6 na Z 7, makampuni hayo yamegeuzia nguvu zake kwenye kamera zisizo na kioo. Lakini hiyo ndiyo neema ya maskini. Wenye fedha wanauza za zamani, nasi twazipata kwa bei nafuu. Bibi harusi hatauliza kama kamera yako ina kioo au haina. Atauliza picha ziko wapi.

Kuna na wasemao kwamba simu yatosha. Mchana juani yatosha kweli, wala siidharau. Bali jioni ndani ya ukumbi, au katika hema la kwanjula watu wakicheza, utaona tofauti.

Sasa nitaeleza jinsi mimi ninavyoona yafaa kununua. Zigawe fedha zako mafungu kumi. Matano yawe ya kamera iliyokwisha kutumika, matatu ya lenzi yenye tundu kubwa, na mawili ya betri ya pili, kadi mbili na mfuko wa kuzuia mvua. Flashi itanunuliwa na kazi ya kwanza au ya pili.

Kwa kamera yenyewe, mimi napenda zile za kati kuliko zile ndogo mpya. Nikon D7000 ya mwaka 2010, D7100 ya mwaka 2013 na D7200 ya mwaka 2015 zina nafasi ya kadi mbili, hata kila picha yaweza kuandikwa mara mbili papo hapo. Kadi moja ikifa, harusi ya watu haifi nayo. Tena zina mota ya kulengea ndani yake, kwa hiyo hukubali hata lenzi za zamani zisizo na mota. Jihadhari hapa, maana wengi hunaswa: Nikon za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Ukinunua kwa ajili yake lenzi ya zamani ya 50 iitwayo 1.8D, itakubidi ulenge kwa mkono kila picha. Atakaye Canon aweza kutazama 60D ya mwaka 2010 au 70D ya mwaka 2013; lenzi zote za Canon za EF, zilizoanza kutoka mwaka 1987, hubeba mota ndani yake. Lakini kamera hizo zina nafasi ya kadi moja tu, basi badilisha kadi mara kwa mara katika shughuli, usiweke mayai yote katika kapu moja.

Ukumbuke pia kwamba katika kamera hizi lenzi ya 50 huona finyu, kama ya 75 au 80. Ni nzuri kwa sura ya mtu mmoja au wawili. Kwa chumba kidogo, Nikon ina lenzi ya 35 yenye namba 1.8, na ile 18-55 niliyoilaumu hufaa sana kwa picha za ukoo mzima nje uwanjani, mwanga ukiwapo.

Usinunue kwa kutazama rangi ya nje. Nenda na kadi yako, piga picha kumi au ishirini, uziangalie nyumbani katika kompyuta kabla ya kutoa fedha. Uliza kamera imepiga picha ngapi, wala usiridhike na jibu la mdomo. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya picha zenyewe, na programu ya kompyuta huweza kuisoma. Kwa Canon nyingi huna budi kuiunganisha kamera na kompyuta. Nikon walisema shata ya D7100 ilipimwa kwa mapigo 150,000. Iliyokwisha kupita hapo si lazima ife kesho, lakini bei yake ishuke. Iinue lenzi kwenye mwanga utazame ndani: ukiona kitu kama utando wa buibui, huo ni ukungu, nao huzipenda sana nchi zetu za unyevu karibu na Ziwa. Mwisho, dai risiti yenye namba ya kamera na jina la muuzaji. Akikataa, mwachie kamera yake, huenda ikawa ya wizi.

Tena msidhani kwamba mtu hupata jina kwa ukubwa wa chombo. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye picha zake leo hutundikwa katika majumba ya sanaa ya dunia, alianza na kamera ndogo ya Kodak Brownie aliyopewa na mjomba wake mwaka 1935. Alipofungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga watu uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake. Aliujua mwanga na aliwaheshimu watu waliokaa mbele yake. Vitu hivyo viwili haviuzwi dukani.

Neno la deni nimeliacha mwisho kwa makusudi. Mwenye deni hawezi kukataa kazi. Atakubali harusi asiyoiweza, kwa kuwa tarehe ya malipo imekaribia, na atakayelipa hasara ni mteja. Mimi nilikuwa hivyo. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kamera ambayo kazi 10 za kawaida za mtaani kwako haziwezi kuirudishia fedha yake, hiyo si kamera yako ya kwanza. Anza na ubatizo, mahafali, picha za timu ya mpira. Chukua arbuni nusu kabla ya siku, na katika kila malipo weka kando kidogo kwa ajili ya lenzi ijayo. Haba na haba hujaza kibaba.

Yule kijana hakukopa. Tulizunguka siku tatu. Kamera ya kwanza tuliikataa kwa ukungu. Ya pili mwenyewe hakutaka tutie kadi yetu. Siku ya tatu akapata D7000 iliyochubuka pembe moja, na lenzi ya 35, na fedha za betri zikabaki. Aliniuliza ajaribie wapi. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, umweke bibi yako karibu na dirisha jioni, umpige picha mpaka uso wake utoke vizuri. Ukiweza hilo, ndipo uchukue harusi ya mtu."

Ni mimi,
Aliyesoma Hapa Zamani