Mwongozo umezeeka, lakini anayeitwa mjinga ni kijana

Kila formasio ya waandishi wa habari inayofunguliwa huku Kivu huwa na vitu vinne: kalamu, kofia, perdiem na kitabu kidogo cha fotokopi. Vitatu vya kwanza ni vipya. Cha nne kimezeeka, na ndicho kinachobeba elimu yenyewe.

Mara nyingi kitabu hicho hufundisha Audacity, programu ya montaji ya sauti ambayo radio nyingi za jamii zinaitumia kwa sababu haiuzwi. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mikononi mwa Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg. Tangu hapo imekuwa ikibadilika, na miaka hii ya karibuni imebadilika mbio zaidi. Kitabu cha fotokopi hakikubadilika. Jalada tu ndilo linalobadilika, maana kila mradi unaweka alama yake.

Sasa mtazame kijana aliyekaa mbele ya mashine. Labda alikuja Goma na wazazi wake wakikimbia vita vya Masisi au Rutshuru, akaacha shule njiani, na hii formasio ya siku tano ndiyo mlango pekee aliofunguliwa. Kitabu kinamwambia abonyeze alama ya mishale miwili ili asogeze kipande cha sauti. Anatafuta, haioni. Alama hiyo iliondolewa katika toleo la 3.1, mwaka 2021. Siku hizi kipande unakishika kwenye ukanda wake wa juu na kukivuta.

Anageuza ukurasa. Kitabu kinamwambia kwamba bila kutafuta faili inayoitwa LAME hawezi kutoa MP3. Anaunguza mega alizonunua kwa franka za mama yake, kumbe tangu 2019 LAME imo ndani ya programu yenyewe kwa wenye Windows. Kitabu kinaendelea kumwambia kwamba kazi yake itahifadhiwa kwa sehemu mbili: faili ya .aup na folda ya _data pembeni. Yeye anaona kitu kimoja tu, .aup3, anaogopa kwamba nusu ya kazi imepotea. Haikupotea. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 liliweka vyote ndani ya faili moja.

Mwalimu anapita nyuma yake na kumwambia kwamba hakusoma vizuri. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kijana amesoma vizuri kabisa. Amefuata karatasi neno kwa neno, na karatasi ndiyo inayodanganya. Lakini darasani karatasi haina kosa, mwalimu hana kosa, anabaki yeye. Siku ya tatu hanyooshi tena mkono. Siku ya tano anapewa breve, anarudi nyumbani akijua moyoni kwamba hajui kitu.

Kama hasara ingeishia kwa aibu ya kijana mmoja, bado ingekuwa kubwa. Lakini inafika mbali zaidi, na familia zilizokimbia vita zinapaswa kujua.

Mama aliyepita katika mateso anakubali kuongea na radio. Anasema jina lake, jina la kijiji chake, halafu anaomba vitu hivyo viondolewe. Mwandishi anaahidi. Anaporudi kwenye mashine anashika ukingo wa kipande cha sauti na kuuvuta mpaka jina linatoweka. Halisikiki tena. Anaamini limekufa, kwa sababu kitabu cha zamani hakimwambii lingine.

Halikufa. Tangu toleo la 3.1, sauti unayoificha kwa kuvuta ukingo inabaki ndani ya mradi. Mtu yeyote atakayepewa ile faili ya .aup3 anaweza kuvuta ukingo huo kurudi nyuma, na jina la mama linasikika tena, wazi, kama siku aliyolisema. Na faili hizo zinatembea: kwa kle ya USB, kwa simu, kutoka radio moja hadi nyingine, kwa mfadhili anayetaka kuona kazi. Katika nchi ambako jina la kijiji linatosha kumtambulisha mtu, hilo si jambo dogo la ufundi.

Kinga yake ni rahisi na ingeingia katika mstari mmoja: usimpe mtu mradi, mpe sauti iliyokwisha kutolewa, MP3 au WAV, maana ndani ya hiyo kilichofichwa hakimo. Mstari huo hauwezi kuwa katika kitabu kilichoandikwa kabla ya jambo lenyewe kuwepo.

Watetezi wa vitabu hivyo wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba misingi haibadiliki: kusikiliza, kuchagua, kukata, kupanga. Ni kweli, sikio zuri halina toleo. Lakini kama shida ni misingi tu, basi waandike kitabu cha misingi bila picha za vitufe. Wakishaweka picha ya kitufe na kumwambia mtu abonyeze hapa, wamejifunga kuhakikisha kitufe kipo.

Jibu la pili ni kwamba radio ibaki na toleo la zamani, lile la kwenye kitabu. Hilo linafaa kwa radio iliyo peke yake kisiwani. Huku kazi inabadilishana mikono. Mradi wa .aup3 uliotengenezwa Bukavu haufunguki kwenye mashine ya Bunia yenye toleo la 2. Na wale wanaosifu toleo la zamani wamesahau maumivu yake: ni wangapi walinakili faili ya .aup peke yake kwenye kle, wakafika studio na kukuta sauti zote zimebaki nyuma katika folda ya _data?

Kisingizio kingine ni intaneti ghali na kurenti inayokatika. Shida hizo zipo, lakini hazihusiki hapa. Audacity iko chini ya leseni ya GPL, maana yake kuigawa kwa mkono ni halali. Mwalimu anaweza kuja na toleo moja kwenye kle, akaliweka kwenye mashine zote asubuhi ya kwanza, na kufundisha hilohilo. Hakuna mega hata moja inayohitajika darasani. Kinachohitajika ni saa mbili za mwalimu, usiku kabla ya formasio, akae na kitabu chake na kubonyeza kila kitufe alichokiandika. Asipokipata, akifute.

Basi mambo ya kudai si mengi. Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu uonyeshe namba ya toleo na mwaka. Namba hiyo ilingane na ile inayoonekana kwenye mashine za darasani. Wafadhili wanaohesabu kofia waulize pia kitabu kilikaguliwa lini, na walipe kazi hiyo ya kukagua kama wanavyolipa ukumbi. Na siku ya mwisho, wanafunzi wenyewe waandike kwa Kiswahili, kwa maneno yao, hatua walizozifuata na zikakubali. Karatasi hiyo ibaki studio, ukutani, na anayekuta imeharibika airekebishe kwa kalamu na kuweka tarehe.

Na kijana anayeambiwa kwamba hakusoma vizuri anayo haki ya kuuliza, bila kutukana mtu: mwalimu, kitabu hiki ni cha toleo gani? Mwalimu asiyeweza kujibu swali hilo hajawa tayari kumpa mtu breve.