Kona ya Atelie: Mashine ya kukata mikia ya droo, tuchague ipi?



Wiki hii tunajibu swali la kikundi kimoja cha akiba. Wamama hao wamewafungulia mabinti wao atelie ndogo ya useremala, nao wanatengeneza makabati na komode. Gabari la kukatia viungo vya droo wanalo tayari. Sasa wanataka kununua defonseze, ile mashine ya kuchonga mifereji na kingo za mbao, ili waitumie pamoja na gabari hilo. Muuzaji amewaonyesha mashine tatu: ndogo, ya wastani na kubwa. Wanauliza: tuchukue ipi?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Fedha itatoka katika sanduku la wote: ni ya mama anayeuza makala, ya mama wa mihogo, ya mama mshonaji. Mashine ikikataa kuingiana na gabari, itakaa kwenye kona na deni litabaki. Ndiyo sababu kila mama anayetia kidole katika karatasi ya mkopo anapaswa kuelewa kinachonunuliwa.

Kwanza, kiungo chenyewe

Tazama droo ya kabati nzuri, ile wengi wanayoiita tirware. Pembeni, mbao mbili zimeshikana kwa meno yaliyopanuka mwishoni kama mkia wa mbayuwayu. Mafundi wanakiita kedaronde. Droo inavutwa kila siku, na ikiwa imepigwa misumari tu, uso wake unaanza kucheza, kisha siku moja unabaki mkononi. Mkia haufanyi hivyo, kwa sababu upana wake hauwezi kupita katika tundu jembamba. Gundi inasaidia, lakini umbo ndilo linaloshika. Wamisri wa zamani walikwisha kukitumia katika samani zao.

Kwa mkono, kiungo hiki kinakatwa kwa msumeno mdogo na patasi. Gabari linarahisisha: ni chuma kirefu chenye vidole kama kitana. Katika magabari ya kawaida, ubao wa mbavu unasimama mbele, ubao wa uso unalala juu, na mashine inapita kati ya vidole ikikata zote mbili kwa mara moja.

Anza na gabari, kisha mashine

Hapa ndipo vikundi vingi vinapopotea. Wanatazama nguvu ya mota na bei, basi. Lakini gabari ndilo linalotoa masharti. Soma karatasi yake, utakuta mambo matatu: upana wa meshi ya kukatia, nyuzi za mteremko wake (mara nyingi 7, 8 au 14), na kipimo cha pete ya kuongoza. Pete hiyo ni bomba fupi linalofungwa chini ya mashine, nalo linateleza kando ya vidole ili meshi isiguse chuma. Ikiwa kitako cha mashine hakipokei pete hiyo, usinunue hata kama bei imeshuka. Kuna mashine zenye matundu ya skrubu yasiyolingana na pete nyingine. Basi chukueni pete yenu na kwenda nayo dukani.

Kinywa kinachoshika meshi

Mafundi wanakiita pensi. Mashine zinazotoka Ulaya mara nyingi zina kinywa cha milimita 6, 8 au 12. Za Marekani zinapimwa kwa inchi: robo inchi ni milimita 6.35, nusu inchi ni milimita 12.7. Usidanganyike kwamba tofauti ni ndogo. Meshi ya milimita 6 katika kinywa cha robo inchi itateleza, na meshi inayozunguka mara 20,000 kwa dakika ikichomoka ni hatari ya kweli. Meshi ya nusu inchi nayo haiingii kabisa katika kinywa cha milimita 12.

Kwa kazi ya droo, tafuta mashine ya milimita 8 au zaidi. Mguu wa milimita 8 unakataa kupinda karibu mara mbili na nusu kuliko ule wa robo inchi. Hilo ni muhimu, kwa sababu meshi ya mkia ni nyembamba shingoni na pana chini, na inakata kina chote kwa mara moja. Huwezi kukata kidogo kidogo ukishuka kama katika mfereji wa kawaida. Ukibadilisha kina, upana wa mkia nao unabadilika.

Nguvu na uzito

Kwa mbao laini, wati 750 zinaweza kutosha. Kwa eukaliptus iliyokauka au libuyu, wati 1,000 hadi 1,400 zinafanya kazi bila kulia. Mashine kubwa ya wati 2,000 ina nguvu, lakini uzito wake unafika kilo 5 au zaidi, na juu ya gabari inasimama kwenye ukingo mwembamba. Mkono ukichoka, inainama. Ikiinama, mkia umeharibika na pengine kidole cha gabari kimekatwa. Kwa binti anayejifunza, mashine ya wastani ni rafiki zaidi.

Soma pia kibati chake. Umeme wetu ni volti 220, hezi 50. Mashine iliyoandikwa volti 120 ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua. Ikiwa mnatumia jenereta, kumbuka kwamba mota inavuta zaidi inapoanza: kwa mashine ya wati 1,000, jenereta ya wati 2,000 ni salama zaidi. Zile zinazoanza polepole zinasaidia jenereta, na haziruki mkononi.

Kina kisichosogea

Katika gabari la kawaida, kubana au kulegea kwa kiungo kunatoka kwenye kina cha meshi. Kiungo kikilegea, shusha meshi kidogo; kikibana mno, ipandishe kidogo. Tunasema juu ya sehemu ya milimita. Kwa hiyo mashine iwe na skrubu ya kurekebisha kina polepole, na kufuli inayoshika kweli.

Mashine nyingi sokoni zina springi: unazisukuma zinazama, unaziachia zinapanda. Zinafaa, lakini kwa kazi hii zifungwe kabisa kabla ya kuwasha. Mara nyingi kichwa cha meshi ni kipana kuliko tundu la pete. Kufuli ikiachia, meshi inapanda ikizunguka na kula pete yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, mkate usimnyanyue mashine juu wakati meshi iko kati ya vidole. Ivuteni nje kwa kuilaza, zimeni, ngojeni isimame, ndipo muinyanyue.

Mbele ya muuzaji

Msione haya, jaribuni haya kabla ya kuhesabu fedha:

1. Someni kibati: volti, hezi, wati.
2. Fungeni pete yenu, tieni meshi, mzungushe kwa mkono. Meshi iwe katikati ya pete pande zote.
3. Shusheni mashine, mfunge kufuli, kisha mbonyeze kwa nguvu. Isisogee.
4. Iwasheni dakika mbili. Sauti iwe moja, isikwaruze. Cheche kubwa ndani ya mota ni alama ya makaa yaliyochakaa.
5. Ulizeni kama makaa ya mota na kinywa cha akiba vinapatikana hapa mjini.

Msisahau meshi. Yenye ncha za karbure ni ghali zaidi, lakini inadumu na makali muda mrefu katika mbao ngumu. Wekeni bei ya meshi mbili ndani ya mkopo, si nje yake.

Hesabu ya kikundi

Tuseme, kwa mfano tu, mashine na meshi zinafika dola 280, na kila droo yenye mikia inawapa dola 2 zaidi ya ile ya misumari. Mtahitaji droo 140 kurudisha fedha: ni komode 35 za droo nne. Mkiuza komode 6 kwa mwezi, ni kama miezi sita. Mkiuza 2, ni karibu mwaka na nusu. Wekeni namba zenu wenyewe. Ikiwa wateja bado ni wachache, msumeno na patasi vinaweza kuwabeba mpaka kazi iongezeke, na mabinti watakuwa wamejua kiungo kabla ya kujua mashine.

Usalama wa mabinti

Kikwembe kisichofungwa vizuri, shanga na nywele zilizoachiliwa visikaribie mashine. Mtoto mgongoni hapana, hata kwa dakika moja. Macho yafunikwe kwa miwani, masikio yazibwe, pua na mdomo vifunikwe kwa maski. Vumbi la mbao si uchafu tu: shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, limeliweka katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Fungueni madirisha, na msilale katika chumba cha kazi. Na kila mnapobadilisha meshi, waya utoke kwanza ukutani.

Jibu letu

Kwa wamama waliotuandikia: ikiwa pete ya gabari lenu inaingia, chukueni ile ya wastani, yenye kinywa cha milimita 8 na kina kinachofungwa imara. Ile ndogo itachoka mbele ya libuyu. Ile kubwa itawachosha mabinti. Kabla ya droo ya kwanza ya mteja, kateni vipande vya majaribio vya mbao ileile mpaka kiungo kiingie kwa kupigwa polepole na nyundo ya mti. Kisha andikeni kina hicho ukutani, ili binti atakayekuja kesho asianze upya.

Vikundi vingine vyenye atelie, tutumieni maswali yenu kupitia mama katibu wa kila mtaa. Mpaka wiki ijayo, kazi njema.