Weusi wa bia hauongezi damu

MPWA wangu aliyekuwa akisoma Uingereza amerudi na zawadi ambayo sikuitarajia: kopo la shira nzito, nyeusi kama lami, la kupikia bia nyumbani. Huko kwao makopo hayo huuzwa madukani kama sisi tunavyouziwa unga wa uji. Shira yenyewe imetokana na kimea cha shayiri. Unaiyeyusha kwa maji ya moto, unatia sukari, unajaza maji baridi mpaka lita 20 hivi, unanyunyizia hamira iliyokuja na kopo, unafunika ndoo na kusubiri wiki moja au mbili kabla ya kujaza kwenye chupa.

Ndoo ilikuwa bado inatoa mapovu pale jirani yetu, mama wa makamo, alipoingia kutusalimu. Hakuuliza ladha yake wala ukali wake. Alichosema ni hiki: “Ikiiva, mwanangu, nitengee chupa mbili. Mkwe wangu amejifungua juzi na damu yake ni kidogo. Bia nyeusi inarudisha damu upesi.”

Mpwa wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na mara nyingine yametoka kwa watu waliosoma.

Tuanze na huo weusi. Ukipika bia nyeusi mwenyewe utaona wazi unakotoka. Shayiri huoteshwa, hukaushwa, kisha sehemu yake hukaangwa mpaka ikawa nyeusi, kama tunavyokaanga buni ili kupata kahawa. Basi! Rangi ile ni ya nafaka iliyoungua kwa kipimo. Si madini ya chuma, na haina uhusiano wowote na damu. Kama weusi ungekuwa dawa, kahawa ya kijiweni ingekuwa imetutibu sote zamani.

Imani hii haikuanzia kwetu. Mwaka 1929 tangazo la bia ya Guinness nchini Uingereza liliwaambia watu kwamba bia hiyo ni nzuri kwao, na kwa miaka mingi huko Ireland waliojitolea damu walipewa bia nyeusi wakishamaliza. Hata baadhi ya wagonjwa waliotoka kupasuliwa walipewa. Leo mambo hayo yamekwisha, lakini maneno yamesafiri yakafika kwetu, yakakutana na mazoea yetu ya kutafuta dawa kwa rangi: rozela ni nyekundu, basi inaongeza damu, soda ya kimea ni nyeusi, basi nayo inaongeza.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 za madini ya chuma kwa siku. Chupa ya nusu lita ya bia nyeusi haifikishi hata miligramu moja. Tuseme tumeionea huruma tukaipa nusu miligramu: mama atahitaji zaidi ya chupa 50 kwa siku moja. Atakuwa amelewa na kuzimia kabla hajaongeza tone la damu.

Na madhara yapo. Kileo huvuruga mwili unapotumia foliki asidi, ambayo ni kiungo muhimu cha kutengeneza damu. Kwa mjamzito hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Kinafika kwa mtoto tumboni na kinaweza kuharibu ubongo wake maisha yote. Kwa anayenyonyesha, kileo hupita kwenye maziwa. Wapo watakaosema shayiri huleta maziwa. Ni kweli kwamba ndani ya shayiri kuna vitu vinavyoweza kuamsha homoni ya maziwa, lakini kileo hufanya kinyume: hupunguza maziwa yanayotoka mtoto anaponyonya. Uji wa shayiri au wa ulezi hauna tatizo hilo.

Ile ya kwenye ndoo ina shaka ya ziada. Ukiongeza sukari, kileo nacho kinaongezeka, na bila kipimo maalumu mpishi mwenyewe hawezi kujua chupa yake ina ukali gani. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuamua kuionja kama burudani. Kuigawa kama dawa kwa mzazi wa siku kumi ni jambo jingine kabisa.

Lakini sitaki kumlaumu yule mama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliona kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Karibu nusu! Tatizo likiwa limeenea hivyo, kila nyumba itatafuta dawa yake. Na sisi watu wa afya tuna mchango wetu katika hili.

Kliniki tunampa mama vidonge vya chuma na foliki asidi, tunamwambia “kimoja kila siku”, tunaita anayefuata. Hatumwambii kwamba choo kitakuwa cheusi na kwamba hilo si ugonjwa. Hatumwambii kwamba anaweza kusikia kichefuchefu au kufunga choo, na kwamba kumeza baada ya chakula au wakati wa kulala kunaweza kusaidia. Hatumwambii asimeze na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa. Siku ya tatu anaona choo cheusi, anaogopa, anavitupa vidonge kabatini. Jirani aliyemweleza habari za bia nyeusi alikaa naye nusu saa, akamsikiliza. Sisi tulimpa dakika mbili. Unadhani atamwamini nani?

Kwa maoni yangu, dakika tano za maelezo kliniki zitaua imani hii haraka kuliko kejeli zetu zote.

Kwa familia nasema hivi: upungufu wa damu hupimwa, haukisiwi kwa kutazama viganja. Chanzo chake kinaweza kuwa malaria, minyoo, hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu au damu iliyopotea wakati wa kujifungua, na kila kimoja kina tiba yake. Nyumbani, mpeni mzazi maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani, na kamulieni ndimu juu yake, maana vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Vidonge wekeni mbali na watoto. Vingi kwa mpigo ni sumu kwao. Akiwa na kizunguzungu, moyo kwenda mbio, pumzi kumpaa au damu kutoka nyingi, msingoje kesho, mpelekeni hospitali.

Yule mama nilimwomba ampeleke mkwe wake zahanati asubuhi iliyofuata, akakubali. Alipimwa, damu ikaonekana pungufu kweli, akapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Jioni mama alipita tena kwetu. Safari hii aliniuliza kama ni kweli choo kitakuwa cheusi. Nikamwambia ndiyo, mama, na huo ndio weusi pekee wa kuufurahia.