Newala na Masasi Zinasubiri Wakili Wao

Wanafunzi wangu wanamfahamu Dkt. Rugemeleza Nshala kama rais wa zamani wa Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, aliyechaguliwa mwaka 2020. Wachache wanajua kwamba jina lake lilianzia kwenye mikoko.

Mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa waasisi wa LEAT, taasisi ya wanasheria watetezi wa mazingira. Miaka michache baadaye mwekezaji mmoja alitaka kugeuza sehemu ya delta ya Rufiji kuwa mabwawa ya kufugia kamba. NEMC ilishauri mradi ukataliwe. Serikali ikauridhia mwaka 1997. Wanakijiji, wakisaidiwa na LEAT, walikwenda Mahakama Kuu. Mabwawa yale hayakujengwa.

Bulyanhulu ilimgharimu zaidi. LEAT, akiwemo Tundu Lissu, ilidai uchunguzi huru juu ya madai kwamba wachimbaji wadogo walifukiwa mashimoni walipoondolewa mwaka 1996. Serikali na kampuni zilikana, na ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia haikuyathibitisha madai hayo. Hata hivyo, kudai uchunguzi si jinai. Mwaka 2002 Nshala na Lissu walikabiliwa na mashtaka ya uchochezi.

Rais wa wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Ajabu ya historia ni kwamba katika utawala huohuo ndipo ilipotungwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kufungua shauri pale afya au mazingira yanapotishiwa, bila kusubiri maafa.

Je, huko nyumbani kwa Mkapa ni nani anayeitumia? Juu ya Nyanda za Juu za Makonde mchanga hunywa mvua yote, na maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Chanzo kimoja kikichafuliwa, mji mzima una kiu. Kila msimu salfa hupulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na anayepuliza mara nyingi amejifunga kitambaa tu puani. Jirani na Masasi, huko Ruangwa, madini ya kinywe yamekwisha kuwaita wawekezaji.

Mwanasheria ambaye mwanakijiji hukutana naye kwa urahisi ni yule wa halmashauri, na mteja wa huyo ni halmashauri. Simlaumu, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Ninaowalaumu ni sisi wa vyuoni, tunaofundisha sheria ya mazingira kama somo la kuchagua, kisha tunashangaa wahitimu wote wamebanana Dar es Salaam wakigombania mikataba ya mabenki.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi watokao Masasi na Newala: likizo hii ombeni taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wowote ulio jirani nanyi. Isomeni. Kisha muombe nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, mwaeleze wazee wenu yaliyomo, kabla ya mihuri kugongwa.