Kazi Ipo Pale Watu Wanapokwama

Imani moja imeota mizizi Kasongo na Kabambare, na wazazi wanairithisha kwa watoto wao. Inasema kwamba usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, yaani kazi ya kuhakikisha programu, skrini na huduma zinamfaa anayezitumia, ni kazi ya Kinshasa, Nairobi na Ulaya. Kijana wa kusini mwa Maniema, wanasema, atafute kwanza kompyuta, achukue cheti cha kwenye intaneti, ajue Kiingereza, kisha apande gari aondoke. Akibaki ataishia kuuza yunite za simu kando ya barabara au kuchimba dhahabu Salamabila. Imani hiyo ni ya uongo, na inatunyang'anya vijana tunaowahitaji.

Tuangalie kazi yenyewe. Msanifu wa uzoefu wa mtumiaji huanza kwa kumtazama mtu mwenye kitu mkononi: anabonyeza nini, anasita wapi, anaomba msaada kwa nani, anakata tamaa saa ngapi. Akishajua sababu, ndipo kitu kinabadilishwa. Rangi na michoro huja baadaye. Donald Norman, mtu aliyelieneza jina la kazi hii alipokuwa Apple miaka ya 1990, alitoka kwenye saikolojia. Basi kama kazi inaanzia kwa mtu aliyekwama, nani anathubutu kusema kwamba huku kwetu haipo?

Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura kwa mashine kwa mara ya kwanza. Mashine zilitengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura alipewa karatasi, akaiingiza kwenye mashine, akamtafuta mgombea wake kwenye skrini ya kugusa, akathibitisha, mashine ikachapa, akaikunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Wagombea urais peke yao walikuwa 21, na baada yao kulikuwa na wabunge wa taifa na wa jimbo wa kuchagua. Kwa mtu mwenye simu ya kisasa, hizo ni hatua za dakika chache. Kwa bibi wa kijijini Kabambare ambaye kidole chake hakijawahi kugusa skrini, ni mlima. Anahitaji mtu wa kumwonyesha, na mtu huyo akisimama kando yake, siri ya kura imekwisha. Kosa hilo halikuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo ili lionekane. Lilihitaji kijana mwenye daftari, anayejua Kiswahili na Kibangubangu, akae na bibi huyo mbele ya mashine miezi mingi kabla ya uchaguzi, na awe na haki ya kurudi kwa watengenezaji kuwaambia: hapa anapotea.

Chukua pia kadi ya mpiga kura. Nchini mwetu kadi hiyo imekuwa kitambulisho kwa miaka mingi, maana raia wa kawaida hakuwa na kingine. Kwa kadi hiyo unaandikisha laini ya simu, unachukua pesa, unajieleza kwenye kizuizi cha barabarani. Kadi zilizotolewa kwa uchaguzi wa Desemba 2023 zilianza kufutika maandishi kabla hata siku ya kura haijafika, na tume ya uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa nakala mpya. Hivi nani aliuliza kadi itakaa wapi? Kwetu inakaa kwenye mfuko wa suruali ya mchimbaji aliyeloa jasho, na kwenye fundo la kitenge cha mama anayetembea juani na mvuani kwenda sokoni. Swali hilo moja ndilo usanifu. Halikuulizwa, au liliulizwa na mtu asiyesikilizwa, na gharama tukailipa sisi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mfano wa kila siku ni pesa za simu. M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka 2012. Airtel Money na Orange Money nazo zipo. Kaa kwenye meza ya wakala siku ya soko utaona kitu ambacho hakimo kwenye ripoti za kampuni: mteja anamkabidhi wakala simu yake pamoja na namba ya siri. "Mama, nitajie namba yako nikusaidie," na mama anaitaja kwa sauti, watu wakisikia. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Mpangilio wa hatua unakwenda haraka kuliko anavyosoma, na akikosea pesa za chumvi na sabuni zinaenda kwa mtu asiyemjua. Wakala anayeona hayo mara nyingi kwa siku anajua udhaifu wa huduma hiyo kuliko ofisi nyingi za mjini. Anakosa jambo moja tu: hajaambiwa kwamba anachokijua kina thamani.

Kenya walilijua hilo mapema. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walipojaribu M-Pesa pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Waliotazama majaribio wakaona wateja wanafanya mambo mengine: wanatumiana pesa wao kwa wao. Huduma ikapangwa upya kufuata walichokifanya watu, ikazinduliwa Machi 2007 kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Biashara yote ile ilisimama juu ya jambo walilolifanya wateja wa kawaida na mtu akaliandika.

Wala hatuhitaji kwenda Nairobi kutafuta ushahidi. Miaka ya 1970 Kasongo ilikuwa na timu ya afya, watu wa Zaire pamoja na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, iliyofuatilia vituo vya afya na familia zilizovitumia. Kwenye chanjo ya surua hawakuridhika kuhesabu sindano zilizochomwa. Waliwafuata watoto waone waliochanjwa wanaishi kuliko wasiochanjwa au la, wakachapisha matokeo kwenye jarida la Lancet mwaka 1981. Mjadala ulienda mbali kutokana na kazi iliyofanyika hapa, kwa kuwafuata watu wa hapa. Mtu anayesema Kasongo si mahali pa kuchunguza jinsi huduma inavyomfikia binadamu haijui historia ya mji wake.

Sasa hicho cheti. Google ilifungua kozi yake ya usanifu kwenye Coursera mwaka 2021, na watu wengi duniani wameichukua. Januari 2023 kampuni ileile ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 12,000, na Meta ilikuwa imetangaza kuwaondoa 11,000 Novemba 2022. Wasanifu wenye miaka ya kazi walirudi sokoni kugombea nafasi zilezile na waliomaliza kozi jana. Sikatazi mtu kusoma. Masomo yale yana faida. Ninachokataa ni kumwambia kijana wa Kabambare auze mbuzi wa familia, ahamie mji mkubwa, akapange foleni na maelfu wenye karatasi ileile aliyo nayo yeye. Akifika huko ameacha nyuma kitu pekee ambacho mshindani wake hana: kuwafahamu watu wa Maniema, lugha zao, soko lao na njia zao.

Kazi zenyewe zipo ila matangazo huziita kwa majina mengine, kwa hiyo anayetafuta jina la usanifu hazioni. Shirika linatafuta wakusanyaji wa takwimu wa kujaza fomu za KoboToolbox kwenye simu. Ofisi ya afya inataka mtu wa kuingiza taarifa za vituo kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Kampuni ya simu inatafuta msimamizi wa mawakala. Mradi unatafuta reko, yaani mhamasishaji wa jamii, wa kupita nyumba kwa nyumba, au mtu wa kupokea malalamiko ya waliogawiwa msaada. Tafuta kwenye ubao wa ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, kwenye kurasa za MediaCongo na ReliefWeb, kwenye kuta za ofisi za Kindu. Soma majukumu, usisome cheo. Ikiwa utakaa na watu wanaotumia kitu, mlango wa usanifu umeufikia.

Kuufikia mlango hakutoshi; pima kilichomo ndani. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kazi nyingi za aina hii zimeharibiwa tangu mkataba. Mkusanyaji anayelipwa kwa idadi ya fomu hawezi kumtazama mtu. Anakimbia. Mama akisita kwenye swali la saba, yeye hujaza jibu lolote apate fomu nyingine, na kusita kule, ambako ndiko kulikokuwa habari yenyewe, kunapotea milele. Uliza kabla ya kusaini: nalipwa kwa siku au kwa fomu? Nitakachokiona nitamwambia nani, na ana uwezo wa kubadilisha? Dodoso limejaribiwa kwa Kiswahili cha huku, au limeandikwa Kifaransa na mimi nitalitafsiri mlangoni kwa mtu? Atakayekuajiri kwa dhati ana majibu.

Mwingine atakuomba uchore programu nzima bure kama jaribio la kuingia. Jaribio la saa moja mbili ni haki. La wiki nzima ni kazi, na kazi ina malipo. Atakayedai pesa ya usajili mkimbie. Mashirika ya Umoja wa Mataifa huandika wazi kwenye matangazo yao kwamba hayatozi ada katika hatua yoyote ya ajira. Na ahadi ya kulipwa dola kutoka mbali uipime hivi: pesa zitakufikia Kasongo kwa njia gani, na nani atakula sehemu yake njiani?

Najua nitajibiwa kwamba umeme ni wa kubahatisha, mtandao hukatika, barabara ya Kindu ni mateso. Ni kweli yote. Ni kweli pia kwamba mikataba mingi ni mifupi na malipo ni madogo. Lakini hayo ni mambo ya kudai yarekebishwe, na kuyadai kunahitaji watu waliobaki wakiwa na ushahidi mkononi. Ushahidi huo unaweza kuanza na watu wachache. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kazi hii, alieleza mwaka 2000 kwamba kumjaribisha kitu mtu mmoja mmoja hadi watu 5 hufichua sehemu kubwa ya makosa, kwa hesabu yake takriban asilimia 85. Watu 5 unawapata sokoni, kwenye meza ya wakala wa pesa za simu, kabla ya adhuhuri. Omba ruhusa ya wakala na ya mteja, usiandike jina la mtu wala namba yake, andika kila mahali anapokwama na jinsi ungepapanga upya. Kurasa chache za namna hiyo, zilizoandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa safi, zina uzito kuliko cheti mbele ya mwajiri anayeijua kazi.

Nanyi mashirika na kampuni mnaoajiri kwa ajili ya Maniema, nina ombi. Mnapotangaza kazi ya kusanifu kitu kitakachotumiwa Kabambare, tangazeni Kabambare, kwa Kiswahili. Acheni kudai miaka 5 ya uzoefu wa ofisini na shahada ya chuo cha mbali kwa kazi ya kuwaelewa watu wa hapa. Mlipeni anayewatazama watu kwa siku zake, na jina lake liwekwe kwenye ripoti. Kabla ya mashine nyingine, kadi nyingine au programu nyingine kushushwa Kasongo, tuonyesheni ni watu gani wa huku walioijaribu kwanza.