Mashine Yetu, Siri Yao

Msimu wa mavuno unapofika, Sumbawanga hugeuka mji wa magunia. Mahindi huletwa kutoka vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, mpunga hupandishwa kutoka bonde la Ziwa Rukwa, na viwanda vya kusaga na kukoboa hutakiwa kufanya kazi usiku na mchana. Katika msimu huo huo, kiwanda kizima kinaweza kusimama kwa sababu ya kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa daftari la shule. Mafundi hukiita kadi. Ni bodi ya kielektroniki inayoiamuru mota iwake lini, mkanda uende kwa kasi gani, na kikaushio kifikie joto kiasi gani. Mota ni nzima, mahindi yapo, vibarua wapo mlangoni. Kadi imekufa, na kampuni iliyoiunda iliacha kuiunda miaka mingi iliyopita.

Tumezoea kuliona jambo hili kuwa tatizo la mafundi, lijadiliwe karakanani na liishie huko. Mimi naliona kuwa suala la siasa kwa maana ya msingi kabisa ya neno hilo: nani mwenye mamlaka juu ya chombo ambacho sisi tumekilipia?

Kwanza tuelewe jinsi kadi inavyokufa. Ndani yake mna kapasita zenye majimaji ya kemikali ambayo joto huyakausha mwaka hadi mwaka. Vumbi la unga hutuama juu ya saketi, hunasa unyevu na kuleta shoti. Kisha kuna umeme. Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukitegemea umeme ulionunuliwa Zambia na kuletwa kwa njia ya kilovolti 66 kutoka Mbala. Kila aliyewahi kuishi mwishoni mwa njia ndefu ya umeme anajua volteji inavyopanda na kushuka bila kubisha hodi. Mradi wa TAZA, wenye njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umebuniwa kuuondoa mkoa katika hali hiyo. Hata hivyo, kadi zilizokwisha kuchoshwa na miaka ya umeme wa kuyumba hazitapona kwa kupata umeme bora.

Kifo cha ajabu kuliko vyote ni cha betri. Mashine nyingi zilizoundwa miaka ya 1980 na 1990 huhifadhi programu yake katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri ikiisha na umeme ukakatika, programu hufutika. Betri hiyo kwa kawaida hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa, na maelekezo ya kufanya hivyo yamo katika kijitabu cha lugha ya kigeni kilichopotea zamani. Fundi mwangalifu, aliyefundishwa kuzima umeme kabla ya kugusa chochote, anaweza kuiua mashine kwa uangalifu wake ule ule.

Baada ya msiba huanza safari ya kutafuta mbadala. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga. Mwenye kiwanda huuliza Mbeya, huuliza Kariakoo, kisha huingia intaneti kutafuta kadi ya mtumba iliyong'olewa katika kiwanda kilichofungwa Ulaya au Asia. Huilipa kabla ya kuiona, huilipia usafiri na kodi, huomba Mungu iwe hai. Ikifika, mara nyingi huwa tupu: umbo ni lile lile, programu haimo. Akiwaendea wakala wa mtengenezaji, huambiwa kwamba kadi hiyo imepitwa na wakati na kwamba dawa ni kununua mfumo mzima mpya wa udhibiti. Mota na vinu vyenye uwezo wa kufanya kazi miaka 20 zaidi huhukumiwa kuwa chuma chakavu kwa kosa la kadi.

Maelezo tunayoyasikia mara kwa mara ni kwamba nchi haina wataalamu. Sikubaliani nayo. Mafundi wa Sumbawanga, wengi wao waliojifunzia kazi katika redio na simu, wanaweza kubadili kapasita, kuchomea upya kwa risasi njia ya saketi iliyokatika, na kupima kadi hatua kwa hatua hadi wapate penye ugonjwa. Mikono ipo. Wanachokosa ni mchoro wa saketi, nakala ya programu, na nywila ya kuifungulia. Gia ikivunjika, fundi huipima meno, huichonga upya, na mashine huzunguka. Programu iliyofutika haina meno ya kupima. Aliyeiandika ndiye pekee aliyenayo, na yeye hakutuuzia. Alituuzia chuma kinachoitii.

Hapa historia ya Ufipa ina neno la kutuambia. Kabla ya ukoloni, na hata miaka kadhaa baada ya kuingia kwake, Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma hicho kilisafishwa tena katika matanuri madogo, vintengwe, kabla ya kufuliwa kuwa majembe na zana nyingine. Wanaakiolojia, miongoni mwao Profesa Bertram Mapunda, wameuchunguza ufundi huo kwa kina, na mabaki ya malungu bado yamesimama katika maeneo kadhaa ya uwanda huo. Sitaki kuipamba historia. Ufundi huo nao ulifungwa kwa siri, kwa dawa na kwa miiko. Si kila mtu aliruhusiwa kuujua. Lakini siri yenyewe ilikaa Ufipa. Lungu lilipopasuka, aliyejua kulijenga upya alikuwa kijiji cha pili. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipojaa sokoni malungu yakazimika, na tangu hapo siri za zana zetu zimekuwa zikikaa ng'ambo ya bahari.

Viongozi wa baada ya Uhuru waliliona hilo. SIDO ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973. Mang'ula kulijengwa kiwanda cha zana na vipuri kwa msaada wa China, na Kilimanjaro kikajengwa kiwanda cha mashine za karakana kwa msaada wa Bulgaria. Mengi katika mkakati wa viwanda wa wakati ule yalishindikana: fedha za kigeni zilikauka, na viwanda vingi vikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Kushindwa huko kumetufanya tudharau hata wazo lililokuwa sahihi ndani yake, kwamba nchi isiyoweza kutengeneza mashine yake inapoharibika imekodi tu mashine hiyo, hata kama stakabadhi inasema imeinunua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya vyuma vya kale, na kwamba sasa tunanunua vipya. Tutazame basi vipya. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, umejengewa vihenge vya kisasa vya chuma kwa mkopo nafuu kutoka Poland. Sumbawanga ni miongoni mwa maeneo manane ya mradi huo, pamoja na Babati, Dodoma, Makambako, Mbozi, Mpanda, Shinyanga na Songea. Ni mradi mwema, na mkulima wa Rukwa aliyewahi kuona mahindi yake yakiozea nje anaujua wema wake. Vihenge vya aina hii huwa na vipimajoto, feni na vikaushio vinavyoongozwa kwa vidhibiti vya kielektroniki. Chuma cha kihenge kinaweza kudumu miaka 30 au 40. Kadi hazidumu hivyo, na hata zikidumu, soko halizisubiri. Kampuni ya Siemens ilianza kuuza vidhibiti vya Simatic S5 mwaka 1979, vikaenea katika viwanda vya dunia nzima. Leo havitengenezwi tena. Mrithi wao wa miaka ya 1990, S7-300, naye ameanza kuondolewa sokoni hatua kwa hatua tangu 2023. Kwa hiyo kadi itakayosimamisha ghala au kiwanda mwaka 2040 inafungwa ukutani sasa hivi, kwa mkataba unaosainiwa sasa hivi.

Wenzetu wa nchi tajiri nao wameanza kulalamika. Katika jimbo la Colorado, Marekani, wakulima walichoka kuambiwa kwamba trekta lao haliwezi kutengenezwa ila na wakala wa kampuni mwenye programu. Tangu Januari 2024 sheria ya jimbo hilo inawataka watengenezaji wa zana za kilimo kutoa vipuri, programu na vitabu vya matengenezo kwa wamiliki. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka huo huo maelekezo ya haki ya kutengenezewa bidhaa, hasa za nyumbani. Ikiwa mkulima wa Colorado, aliye jirani na kiwanda cha trekta lake, amehitaji sheria imlinde, mwenye kinu wa Sumbawanga anahitaji nini?

Hoja za upande wa pili nazijua. Watengenezaji husema programu ni mali ya akili yao. Ni kweli, na hakuna anayetaka kuinakili ili aiuze. Nakala yaweza kufungwa kwa lakiri na kukabidhiwa taasisi ya umma, ifunguliwe tu siku mtengenezaji atakapoacha kuihudumia mashine au atakapofilisika. Husema pia kwamba fundi asiye na ujuzi anaweza kusababisha ajali. Hilo nalo ni kweli, na jibu lake ni kuwasajili na kuwafundisha mafundi. Kuwaficha michoro hakujawahi kumlinda mtu na ajali. Hoja nzito zaidi ni bei: mzabuni atakayedaiwa haya yote ataongeza gharama. Na aongeze. Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, inasisitiza thamani ya fedha, na thamani ya mashine haipimwi siku ya kukata utepe. Hupimwa katika mwaka wake wa 15, msimu wa mavuno, kadi inapozimika.

Soko la Tanzania ni dogo, lakini Serikali ndani ya soko hilo ni mnunuzi mkubwa kuliko wote. Masharti yake yakiwa thabiti, wazabuni watayazoea, na wenye viwanda binafsi watafuata mkondo. SIDO, yenye ofisi mkoani Rukwa, na TEMDO ya Arusha zinaweza kutunza benki ya pamoja ya kadi zilizozeeka na nakala za programu zake, ili kila kiwanda kisitafute peke yake gizani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chenye kampasi Rukwa, kina wanafunzi wanaotafuta mada za miradi ya mwaka wa mwisho. Kuchora saketi ya kadi moja iliyopitwa na wakati na kuihifadhi programu yake kabla betri haijafa ni mada yenye manufaa kuliko nyingi nilizowahi kusahihisha. Na wanaharakati wanaodai mikataba ya madini iwekwe wazi wangeongeza swali moja katika orodha yao: mashine hii ikiharibika, ufunguo anao nani?

Kwa mtumishi wa umma atakayekaa katika kamati ya kupokea mashine mwezi ujao, maombi yangu ni manne. Dai mchoro kamili wa saketi. Dai nakala ya programu pamoja na nywila zake. Dai kadi za akiba, na ahadi ya maandishi ya miaka ambayo vipuri vitapatikana. Dai kijitabu cha matengenezo kwa Kiswahili, na fundi wetu afundishwe kwa vitendo kabla mgeni hajapanda ndege. Kimoja kikikosekana, usisaini.